Daftari la Mikono

Swali lililoninyima usingizi Julai iliyopita lilikuwa dogo tu: je, mtu anayekagua mikono ya wenzake ana ruhusa ya kuficha yake?

Nilikuwa na wiki sita kwenye kazi yangu ya kwanza tangu nihitimu, katika kiwanda cha biskuti huko Baba Dogo, Nairobi. Niliitwa mkaguzi wa ubora, ingawa bado nilikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Kila asubuhi nilisimama na daftari kwenye mlango wa chumba cha kufungia biskuti. Vibarua walinawa hadi viwikoni, wakanionyesha viganja, kisha wakavigeuza. Mwenye kidonda, upele au mwasho aliandikwa, akatumwa zahanati, na hakuingia hadi arudi na karatasi ya daktari. Siku hiyo hakulipwa.

Nami mikono yangu ilikuwa ikiwasha.

Ilianza baridi ilipozidi. Nilitoka nyumbani Mowlem kabla hakujapambazuka, kwa pikipiki kuukuu niliyoachiwa na mjomba. Upepo wa barabarani ulipenya glavu zangu za sufi kama hazipo. Nikifika Kariobangi sikujua tena kama nimeshika breki au hewa. Kiwandani nilikimbilia bomba la maji moto na kuacha vidole humo hadi vifufuke. Vilifufuka kweli: viliwaka, vikavimba, vikatoka mabaka mekundu, halafu ukaja mwasho wa ndani kabisa, usiofikiwa na kucha.

Vijana wa boda wa stejini kwetu waliniona nikipita kila asubuhi.

"Madam, geuza jaketi! Mgongo uje mbele, upepo usipite kwa zipu!"

"Wacha yeye, anaenda ofisi."

"Basi aende na ofisi yake, hiyo pikipiki atuachie."

Siku moja nilisimama nikamuuliza mmoja wao kama mikono yake huwasha. Akanionyesha mifuko ya ngozi iliyoshonewa usukani wake, mikono imezama ndani. "Itawasha aje na iko kwa nyumba?" Nilitamani mifuko ile. Kisha nikaanza kuwaza: mkono ukikwama humo nikitaka kufunga breki ghafla, je? Nikaliwazia jambo hilo siku nne, na sikununua.

Simu nayo, nilipoiuliza kuhusu mwasho, ilinipa magonjwa tisa. Upele wa kuambukiza ulikuwa wa kwanza, baridi ikawa ya tisa. Niliamini yale manane ya juu. Nyumbani nikajitengea kikombe na taulo, hadi mama akaniuliza, "Umeanza kutubagua, ama ni digrii?"

Kiwandani nilivaa glavu za mpira kabla mtu yeyote hajafika. Nikijiandika, nilijiambia, msimamizi ataona nimeanza kuwa mgonjwa hata kabla sijaajiriwa, na wanaoitaka kazi hii wamejaa Nairobi nzima. Jambo la kuchekesha ni kwamba msimamizi alinisifu kwa glavu zile. Alisema mkaguzi anapaswa kuwa mfano.

Alhamisi moja alifika mbele yangu mama mmoja wa kupanga biskuti kwenye maboksi, rika la mama yangu. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, vina mabaka.

"Zinawasha?" nikamuuliza.

"Kidogo, madam. Ni baridi tu. Nimefulia watu nguo kabla nije, na maji ya saa hizo ni barafu."

Nilijua anasema kweli. Mabaka yale niliyajua moja baada ya jingine.

"Sheria ni sheria, mama."

Hakunitazama usoni. Alitazama glavu zangu. "Sawa, mwanangu," akasema, akachukua mkoba wake akaenda.

Angeniita madam ningelala. Nilijitetea kitandani: sheria inawalinda watoto watakaokula biskuti, kwa hiyo sikukosea. Basi inanihusu na mimi. Lakini yangu ni baridi tu. Na yake je? Lakini yeye ana mabaka zaidi. Nilihesabu yangu kwa mwanga wa simu. Tulikuwa sawasawa.

Ijumaa sikugusa bomba la maji moto lililokuwa likiviwasha vidole. Niliketi nimebana mikono kwapani hadi foleni ikajaa. Yule mama alikuwa wa kwanza, na karatasi: daktari amesema ni baridi, aiweke mikono katika hali ya joto na ukavu, anaweza kufanya kazi. Nikaandika hayo. Kisha nikavua glavu, nikageuza daftari limwelekee, nikampa kalamu.

"Nikague, mama."

Aliishika mikono yangu, akaigeuza, akabonyeza kidole kimoja.

"Zinawasha?"

"Zinawasha."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu!" mtu akapaza sauti nyuma. "Na sisi siku moja tunarudishwa!" Wakacheka, si wote kwa wema.

Mama akainamisha kichwa karibu nami. "Hii ni baridi, mwanangu. Ni kama yangu."

"Najua. Andika tu."

Alinitazama, safari hii usoni. "Haya. Sheria ni sheria, madam," akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni, na kicheko kikapita tena, chepesi zaidi. Akaandika jina langu polepole, kwa herufi kubwa kuliko zote kwenye ukurasa ule.

Nilimwita msimamizi asimame mahali pangu. Nikamwambia kwa nini, na kwamba ni wiki tatu, si leo. Alichukua kalamu. Sikungoja afikirie anachotaka kusema. Kufikiria nilikuwa nimefikiria kwa niaba yetu sote. Nikatoka nje, nikavua jaketi, nikalivaa mgongo ukiwa mbele, nikapanda pikipiki kwenda zahanati.