Joakim Alipowachezesha Wanajeshi

Joakim Limbu alijifunzia dramu kanisani Nkoma, akaja kuzipigia Bariadi mjini kwenye bendi ya rafiki yake Danford. Ngitili Bendi walipiga roki, magitaa yakiunguruma, lakini chini yake mdundo ulikuwa wa Kisukuma, ndiyo maana hata wazee waliokuja mnadani walisimama kusikiliza. Joakim hakuwa mtu wa maneno. Msimu wa pamba alipakia marobota kiwandani, na mwisho wa wiki alikaa nyuma ya dramu. Mkewe, Kwandu, alishona nguo za watu barazani kwao. Walikuwa na mtoto mmoja, Nyanjige, aliyekuwa darasa la pili.

Bendi ilipoalikwa Afrika ya Kati kuwaburudisha askari wa Tanzania wanaolinda amani huko, mtaa mzima ulijua. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda ndege. Nyanjige alitaka kujua kama askari wanaruhusiwa kucheza muziki huku wameshika bunduki.

"Nikirudi nitakueleza," Joakim alimjibu.

Kule kambini laini zao za simu hazikushika mtandao. Danford peke yake, kama kiongozi wa bendi, ndiye aliyepewa laini ya huko, akawatumia namba hiyo ndugu wa wenzake wote. Kambi yenyewe waliikuta imepoa. Wiki iliyotangulia gari la doria lilikuwa limepinduka mtoni, na askari watatu wakafa maji.

"Vijana wangu hawali vizuri, hawaongei," mkuu wa kambi alimwambia Danford. "Nawaomba muwachangamshe."

Jumamosi, siku ya onyesho, asubuhi mapema simu ya Danford ikaita. Alikuwa Kwandu. Nyanjige alishikwa na homa Alhamisi, malaria ikampanda kichwani, wakamkimbiza hospitali. Alfajiri hiyo alikuwa amefariki.

"Nipe baba yake," Kwandu alisema.

Danford alimwona Joakim upande wa pili wa uwanja, akifunga dramu zake huku akicheka na askari wawili.

"Yuko mbali kidogo, shemeji. Nitamwambia sasa hivi."

Hakumwambia. Ndege ya kurudi ilikuwa Jumatatu na hakukuwa na nyingine. Bila dramu hakuna bendi, na wale askari walikuwa wameanza kupanga viti tangu kumekucha. Danford alizima simu, akaiweka ndani ya begi la gitaa.

Mchana ule Joakim alipiga dramu kuliko siku zote za maisha yake. Mwanzo askari walikaa tu. Wimbo wa tatu mmoja akainuka, kisha wengine, mpaka vumbi likafunika jukwaa. Joakim alirusha fimbo hewani na kuzidaka, akavua shati, na mwishowe wakambeba mabegani na kumzungusha uwanja mzima akicheka mpaka machozi yakamtoka. Wengi walikuwa wakimrekodi kwa simu zao.

Jioni, Joakim alipokwisha kuoga, Danford alimketisha kwenye kitanda cha kambi, akamwambia.

Joakim aliuliza mtoto alifariki saa ngapi. Danford akamtajia.

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Ndege hakuna mpaka Jumatatu, Joakim. Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningelia," Joakim alisema.

Akaomba simu akampigia mkewe. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, haikupokewa. Hakujua kwamba video ilikuwa imeshafika Bariadi. Askari mmoja aliituma kwa ndugu zake, ndugu wakaisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, na majirani waliokaa msibani waliipata mmoja baada ya mwingine. Kwandu, aliyeahidiwa kwamba mumewe ataambiwa pale pale, alimwona akiwa kifua wazi, amebebwa, anacheka. Nyanjige alikuwa bado hajazikwa.

Walimzika Jumapili, Nkoma, kwa wazazi wa Joakim. Yeye alifika Jumanne. Watu waliokuwa chini ya turubai waliitikia salamu yake kwa sauti ndogo, wakatazama pembeni. Kwandu alikuwa ndani, mkekani, pamoja na shangazi yake. Shangazi akatoka, akawaacha wawili.

"Umefika, Baba Nyanjige," Kwandu alisema.

"Sikujua, Kwandu. Danford aliniambia jioni."

"Amenipigia, amekiri. Najua hukujua. Lakini nimeshakuona. Mtoto amefunikwa shuka pale, mtu ananishikisha simu, nakuona unacheka. Sasa kila nikimkumbuka, na wewe unakuja hivyo hivyo."

Joakim aliketi ukutani, mbali naye kidogo, na hivyo ndivyo watu waliokuja na chai walivyowakuta.

Matanga yalipoisha, Kwandu alirudi kwa baba yake, mzee Mashimba, huko Sola. Hawakugombana. Alifunga cherehani yake, akaagana na majirani, na Joakim mwenyewe ndiye aliyempakilia mizigo garini. Joakim aliacha bendi. Danford alikuja kumwona mara moja; alipewa kiti na soda, wakaongea habari za mvua, akaondoka.

Mwezi uliopita, stendi ya Bariadi, kijana mmoja aliyekuwa likizo alimsimamisha Joakim na kumshika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa mmoja wa askari wa kule. Mmoja wa wale waliozama, alisema, alikuwa rafiki yake wa karibu.

"Siku ile ndiyo nililala usingizi kwa mara ya kwanza, kaka. Sijui nikushukuru vipi."

"Asante," Joakim alisema. Akamuuliza kwao ni wapi. Mwandoya, kijana akajibu. Joakim akamtakia safari njema.

Jumapili, baada ya misa, Joakim hupanda baiskeli kwenda Sola. Kwandu humletea michembe ya viazi vitamu na chai, na hukaa naye uani mpaka amalize. Humuuliza habari za kiwanda, na kama mama yake kule Nkoma ameshapalilia. Siku moja Joakim alijikaza akamuuliza atarudi lini nyumbani.

"Sijui," Kwandu alisema, akiokota vikombe. "Wewe njoo tu."

Na Joakim huenda.