Mkono Uliokuwa Ukikaribisha

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, niliujua mkono kabla ya uso. Kidole cha mwisho kimepinda tangu kilipobanwa na mlango wa stoo ya kahawa, na mwenye kidole hicho namjua tangu nazaliwa. Ni shangazi yangu anayeishi Kagoma, kule Muleba.

Tulikuwa saba katika chumba cha kupanga pale Kashai mjini, vijana tunaopenda kupiga picha. Kila Jumamosi mchana mmoja huonyesha kazi yake na wengine hutoa maoni. Kanuni ni kwamba maoni yawe ya kujenga: uanze na kilicho kizuri, kisha useme kinachoweza kuboreshwa. Kanuni hiyo niliiandika mimi, kwa sababu nimemaliza chuo, sina kazi, na mtu akinikunjia uso silali siku mbili.

Kwenye picha, shangazi amesimama mlangoni na kunyoosha kiganja. Rangi zimeondolewa, imebaki nyeusi na nyeupe, na kiganja chenyewe ni giza tupu. Chini yake mwenye picha alikuwa ameandika "Nisaidieni". Alituambia kwamba jioni hiyo ataituma kwa shirika linalochapisha kalenda ya kuchangisha misaada. Ikichaguliwa, itatundikwa hadi makanisani.

"Mwanga umekaa vizuri, kaka," mmoja alianza.

"Hiyo mikunjo ya uso inaongea yenyewe."

"Ila kata huo upande wa kushoto," alisema jamaa aliyekaa karibu na mlango. "Dirisha la kioo linakuharibia. Watajua bibi ana nyumba."

Wakacheka. Zamu yangu ikafika. Nikisema ni shangazi yangu, wataona natetea ndugu. Nikisema picha inadanganya, wataniuliza najuaje. Nikinyamaza, jirani zake wote watamwona akiomba kwenye ukuta wa kanisa analosalia. Niliyapima yote hayo, kisha mdomo ukatoa maneno mawili: "Nimependa mwanga."

Sijawahi kumkasirikia mtu kama nilivyojikasirikia wakati ule. Nadhani hasira hiyo ndiyo iliyonisukuma kuuliza, "Kiganjani kuna nini?"

"Akamwani," alijibu mwenye picha bila wasiwasi. "Si unawajua wazee, lazima wakukaribishe kahawa ya kutafuna. Nimetia giza kidogo ili zisionekane."

"Ulizitafuna?"

"Nimeshika kamera, ningezitafuna vipi?"

Huyu kazaliwa hapahapa mjini, Bilele, kwa wazazi Wahaya. Anajua kwamba kuiacha akamwani mkononi mwa mwenyeji ni kumkataa yeye mwenyewe. Nikawaambia aliye pichani ni shangazi yangu. Yule wa mlangoni akasema, "Dada, hayo sasa si maoni ya kujenga."

Nilichukua simu, nikampigia shangazi, nikaweka spika. Nilimuuliza kama anamkumbuka kijana mwenye kamera.

"Yule wa mjini? Namkumbuka, mwana wange. Nilimpa akamwani, akaniambia nisishushe mkono. Nikasimama hadi bega likauma. Nilijua akimaliza kazi yake atachukua. Mbona aliondoka bila kutafuna? Zilikuwa na kasoro?"

Mwenye picha alisogea karibu na simu.

"Hapana, shangazi. Zilikuwa nzuri."

"Basi ungezichukua," shangazi alisema, akaniuliza kama nimekula, akakata.

Yule kijana aliifuta picha kwenye barua pepe aliyokuwa ameiandaa. Aliifuta polepole, nione.

"Umefurahi?" aliniuliza. "Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu."

"Sijafurahi," nilimjibu, na ilikuwa kweli.

Niliondoka kwa miguu, nikiwakataa bodaboda wote walionipigia honi. Nilijaribu kumkasirikia yeye peke yake nikashindwa. Katika zamu yake iliyopita alikuwa ametuonyesha picha ya mzee mmoja, pekupeku, kakaa chini karibu na soko. Niliisifia picha hiyo kuliko wote. Nilisema miguu ile inasimulia maisha yake yote, na nikaona nimesema jambo la maana. Sikuuliza yule mzee viatu vyake vilikuwa wapi, wala nani alimwambia avivue.