Siku XML ilipokataa kumvusha baba yangu Busia

Wakuu, habari za jioni. Humu mimi huwa msomaji tu, leo naomba mnivumilie. Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Kazi yangu iko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye kampuni ndogo ya clearing, yaani kupitisha mizigo forodhani, na usafirishaji. Nyumbani ni Iyolwa, Tororo, upande wa Uganda. Pale ofisini mimi ndiye mtu wa mafaili ya XML.

Kwa wasiojua, XML si program. Ni namna ya kuandika taarifa, kila moja ikiwa katikati ya alama mbili, ya kufungua na ya kufunga, ili kompyuta ya upande wa pili isome bila kuuliza maswali. Gari letu kabla halijavuka linatanguliwa na kitu kama hiki:

<bidhaa>
<aina>mitumba</aina>
<hali>imetumika</hali>
</bidhaa>

Juu yake kuna schema, yaani makubaliano ya pande mbili kuhusu kinachoruhusiwa kuandikwa. Kwenye hali, schema yetu inakubali maneno matatu tu: mpya, imetumika, imeharibika.

Ukiacha wazi, file linarudi. Ukiandika neno lako mwenyewe, linarudi. Na likirudi, gari haliondoki, maana bila file kukubaliwa hata bima ya safari haifanyi kazi.

Wenzangu nimewafundisha sana uzuri wa jambo hili. Mashine mbili zisizojuana zinaelewana kwa sababu hakuna anayejitungia maneno.

Basi wakuu, baba akafariki hospitalini upande wa Kenya. Kampuni ikatoa gari la kumpeleka nyumbani, Mungu awabariki. Vibali tulikuwa navyo vyote, na maofisa wa mpakani walitupokea kwa heshima. Mmoja alivua kofia.

Kwetu marehemu hasafirishwi kimya. Shangazi yangu, dada yake baba, alikaa pembeni ya jeneza akimweleza kila tunapopita, ili asibaki njiani. Kizuizi kilipoinuliwa akamwambia, "Sasa tunavuka, kaka. Twende kwetu."

Hapo hapo simu yangu ikalia. Alikuwa Nabwire, anayeshughulikia magari ofisini. File limerudi. Mfumo unadai hali ya bidhaa, maana kwake chochote kinachobebwa na gari la kampuni ni bidhaa.

Ofisi iko jirani tu na mpaka. Tukarudisha gari hadi chini ya dirisha lake, nikaingia na kukaa kwenye kompyuta yangu mwenyewe.

Niliandika "marehemu". Likarudi.

Nikaandika "baba". Nilijua litarudi, mimi si ndiye mwalimu wao? Lakini niliandika. Likarudi.

Kuongeza neno kwenye schema kunataka wakubwa wa pande zote mbili wakubaliane, na ilikuwa Jumamosi.

Nabwire alisimama nyuma yangu. "Pole sana ndugu yangu. Chagua tu moja, gari iende. Mzee iko kwa jua."

Kupitia dirishani nikamsikia shangazi kule nje: "Ngoja kidogo, kaka. Mtoto wako ndiye anaandika." Alikuwa ameshamwambia tunavuka, na aliogopa baba ataona tumemtelekeza mpakani.

Nikachagua "imetumika".

Likapita papo hapo, na tiki ya kijani juu. Nililia wakuu, mtu mzima mimi, mbele ya skrini. Huyu ni mtu aliyelima muhogo na mtama mpaka mgongo ukapinda, ili mimi nisomee hizo kompyuta.

Nyumbani kwetu aliyemleta marehemu husimama mbele ya watu kueleza safari yote, bila kuficha. Nilipofika pa mpakani nikalitaja hata neno nililochagua. Mama alikuwa ameketi mkekani karibu na jeneza. Aliniuliza kwa Kidhopadhola, lugha ya kwetu, natafsiri:

"Hao waliokubaliana maneno hayo, hakuna hata mmoja aliyewahi kufiwa?"

 

Nilichojifunza ni hiki. XML haina roho mbaya, inabeba tu kile tulichokubaliana kukibeba. Kwa hiyo wewe unayeandika schema, kabla hujaifunga nenda ukakae na watu wanaoitumia, uwaulize ni nini kingine hupita pale. Barabara hii haipitishi mitumba na saruji peke yake.

Ombi langu la kuongeza neno bado liko kwa wakubwa.

Juzi wamepita watu wa Lumino na jeneza la mama yao. Nabwire akanipigia simu kuniuliza achague lipi. Nilishindwa kumtajia. Nikamwambia anisubiri, nikaenda nikakaa naye, tukachagua pamoja.

Uwanja ni wenu wakuu, hata wa kunikosoa aje. Ila kabla hujanikosoa niambie kwanza: angekuwa mzazi wako kwenye lile gari, kati ya yale maneno matatu ungempa lipi?