Neno Alilolisikia Dani Kwenye Simu

Juzi nilishuka Dunga, ukingoni mwa ziwa, kununua samaki. Mashua ya watalii ilikuwa ndiyo imefika, na kijana mmoja wa hapo ufuoni akampa mkono mzungu mzee asije akateleza kwenye mbao. Mzee alipokanyaga nchi kavu alimwambia, "Cheers." Kijana akatabasamu, akaendelea na kazi yake. Mimi nilibaki nimesimama na mfuko wangu wa samaki, mpaka mama aliyeniuzia akaniuliza, "Kuna kitu umesahau?"

Ngoja nikueleze, rafiki yangu. Nililelewa karibu na hapo na nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita dani. Dani alikausha omena, dagaa wadogo wa ziwani. Asubuhi tulizitandaza juu ya nyavu kuukuu, na kazi yangu ilikuwa kuzigeuza na kufukuza kuku na ndege. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, tuliacha hata uji mezani tukakimbia kuzikusanya. Harufu yake ilinifuata hadi darasani, lakini wenzangu nao walinuka hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake.

Jumapili tulijisugua kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ikawasha. Tukitoka kanisani tulienda moja kwa moja dukani kwa jirani, mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka upande wa Mlima Kenya, kwa sababu siku hizo yeye ndiye aliyekuwa na simu. Mjomba wangu, kitinda mimba wa dani, alikuwa Uingereza akiwahudumia wazee kwenye makao yao, na Jumapili ndiyo siku aliyopiga. Tulikalia kreti za soda, tukingoja.

"Mama, kijana wako!" jirani aliita. Dani aliishika simu kwa mikono miwili, akaongea kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Alitaka kujua amekula nini, nani amepika, na kama kule kuna kanisa.

Lazima ujue pia kwamba babu alikufa kwa chang'aa. Mimi sikumkuta. Dani hakupenda kusimulia habari hiyo, alisema tu, "Pombe haibishi hodi. Utashtukia imekalia kiti chako." Mjomba alipokuwa anaondoka, dani alimwapisha mbele ya mchungaji kwamba hataigusa.

Basi Jumapili moja dani alirudi nyumbani kutoka dukani. Alipokwisha kuvua kitambaa cha kichwa akaniambia, "Mjomba wako ana neno jipya. Mtu akimletea kitu, analisema. Akiniaga, analisema. Chiasi, chiasi. Ni nini hiyo?"

Sikujua. Jioni alivuka njia akamuuliza mwalimu wetu, mtu mpole ambaye kijiji kizima kilimpelekea Kiingereza chake kikatafsiriwe. "Mama, hilo ni neno la walevi," alisema. "Wakiinua glasi wanazigonganisha, kisha wanasema hivyo." Hakudanganya. Kwetu neno hilo lilikuwa linaishi baa tu.

Jumapili iliyofuata dani hakuuliza habari za chakula. "Baba yako nilimzika kwa sababu ya chupa," alisema kwenye simu. "Wewe sitakuzika. Ukiacha, ndipo unipigie." Akamrudishia jirani simu huku sauti ya mjomba bado inasikika ndani yake, ndogo kama ya mdudu.

Mjomba alipiga tena mara kadhaa. Dani alitikisa kichwa: "Mwambie sijafika." Baadaye simu haikuita tena. Lakini kila Jumapili aliendelea kupita dukani, akisema anataka chumvi. Nyumbani chumvi ilijaa mikebe mitatu, wala sikuthubutu kumwambia.

Nilikuwa sekondari mjomba aliporudi. Alikuja na binti yake mdogo, ambaye hatukujua hata kama amezaliwa. Dani alilia, akawashika wote wawili, akakaanga ngege, samaki wakubwa waliovuliwa siku hiyo. Nilipomletea mjomba maji ya kunawa, aliniambia, "Cheers."

Dani akaiweka chini sahani ya ugali aliyokuwa akiileta. "Hata mbele yangu?"

"Mbele yako nini, mama?"

"Hilo neno la walevi."

Mjomba alimtazama, kisha akanitazama mimi na beseni langu. "Mama, kule hiyo ni asante. Tena ni kwaheri. Hata wazee ninaowaogesha wananiambia hivyo."

Hakuna aliyekula. Dani aliuliza polepole, "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniambia ni neno. Ulisema chupa. Na mimi nilikuwa nimeonja bia mara moja, kwenye harusi ya rafiki. Nikadhani kuna mtu amekuletea habari. Niliona aibu, mama."

"Na mimi nikadhani umechagua chupa."

Dani alimgeukia yule mtoto, akamuuliza kwa Dholuo, lugha yetu, kama ana njaa. Mtoto akamtazama baba yake. Dani alijaribu Kiswahili. Mtoto akajificha nyuma ya mkono wa baba yake. "Angekuwa ananisikia kwenye simu tangu alipozaliwa," dani alisema, "angenijua." Mjomba aliinamisha kichwa, na samaki wakapoa.

Walipatana, ndiyo. Mjomba alirudi kazini na akaanza kupiga tena, lakini kufikia hapo masikio ya dani yalikuwa yameanza kuziba, na mazungumzo yao yalikwisha upesi. Sasa dani amelala kaburini. Jirani alifunga duka akahamia Muhoroni, na mwalimu naye hayupo. Kila mtu pale mtaani ana simu yake mfukoni.

Yule binti amekuwa mtu mzima. Aliniandikia hivi karibuni akiniuliza kama nyanya yake alimpenda. Nilimjibu kwamba alimpenda sana. Akauliza, "Aliniambia nini?" Yeye na dani walikuwa pamoja likizo ile nzima, wakilala kitanda kimoja, na sikumbuki neno hata moja ambalo mmoja alilisema na mwenzake akalielewa.