Tochi Niliyoambiwa Niitafute

Mpaka leo nikiona tochi za kichwani zimening'inizwa sokoni Kasongo, damu inanichemka. Kila boksi lina namba kubwa ya nguvu ya mwanga, kila muuzaji anaapa kwamba yake inamulika mpaka Nyangwe. Waongo watupu.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa mbio. Ramadhani ilipoingia, kukimbia mchana na kiu kulinishinda, nikaomba nikimbie baada ya futari, hadi juu ya mlima na kurudi. Mama alikubali kwa sharti: nitafute tochi ya mwanga mkali, maana barabara ni mashimo matupu, na nikifika juu nigeuke ili yeye, akiwa mlangoni, auone mwanga. Asipouona, mbio zimekwisha.

Kaka yangu alitoka kila jioni kwenda kucheza mpira, giza liwe lisiwe. Hakuna aliyemuuliza anamulika na nini.

Muuzaji alinivuta nyuma ya pazia la duka, akawasha moja ya bei nafuu, ukuta ukawa mweupe. "Unaona, dada? Hii iko nguvu kuliko zote." Nikaamini, mjinga mimi. Ilinifikisha nusu ya mlima, ikafifia, ikazimika. Nilirudi nikipapasa mashimo kwa miguu, nikamkuta mama barabarani analia kwa sauti kama nimeshakufa. Nilimsihi sana ndipo akasema nitafute nyingine, ya mwisho.

Nilimrudishia muuzaji boksi lake, nikalitupa mezani. Akacheka! Nikamwambia safari hii nanunua kama wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila. Wao hawadanganywi na ukuta: tochi inawashwa adhuhuri, inaachwa ikiwaka hapohapo dukani, na baada ya alasiri mtu ananunua ile ambayo bado ina nguvu. Tukawasha nne, nikakaa juu ya gunia la chumvi, nimefunga, koo limekauka, na yeye akinung'unika kwamba namalizia betri zake. Zimalizike! Tochi tatu zikafa mbele ya macho yake. Ya nne, ya kawaida tu, haikutetereka, nikaichukua kwa bei ileile.

Baada ya futari niliiwasha uani. Mwanga ukafika hadi kwenye migomba ya jirani. Nilimtazama mama nikitegemea afurahi, lakini uso ulikuwa umemshuka.

"Shida haiko tochi," akasema. "Mutoto mwanamuke hakimbiake usiku."

"Basi mama, kwa nini ulinituma kuitafuta?"

Alikusanya sahani za futari kwanza. "Nilizani hautaipata."

Nilihisi hasira ambayo sikuwahi kuihisi kwa muuzaji yeyote. Nilikaza mkanda wa tochi kichwani, nikapita mbele yake, nikatoka mbio. Nilipanda mlima wote bila kukanyaga shimo hata moja. Nilipofika juu nilijua amesimama mlangoni, anasubiri nigeuke auone mwanga.

Sikugeuka.