Sikio na Makasha ya Kabati la Mama

Watu walimwita Sikio, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka tisa alikuwa muuzaji mkuu katika duka la vyombo vya muziki vya bei mbaya, duka lenye zulia zito na mlango wa kioo unaojifunga taratibu, ambamo hata kukohoa kulionekana utovu wa adabu. Wateja walitoka mbali kuja kumuuliza yeye. Akisema spika hii inapumua, basi inapumua. Akikunja uso kidogo tu, spika hiyo ingekaa kwenye rafu mpaka iote ukungu.

Malkia wa duka ilikuwa chapa moja iliyoitwa Taji. Spika za Taji zilikuwa nyeusi za kung'aa, nzito kiasi cha kubebwa na watu wawili, na mbele zilikuwa na kitaji kidogo cha shaba kinachowashwa taa kwa nyuma. Zilikuwa na masharti yake, utadhani bibi harusi. Muuzaji alivaa glovu nyeupe kabla ya kuzigusa. Mteja alikalishwa kwanza, akapewa maji baridi na kijitabu chenye picha ya mzee mwenye mvi aliyesemekana kuianzisha kampuni kwa mikono yake mwenyewe, kisha taa zikapunguzwa. Hapo ndipo Sikio alipoinama na kunong'ona, "Sikiliza ile nafasi iliyopo kati ya kidole na uzi wa gitaa." Mteja gani angethubutu kusema haisikii? Wote waliisikia. Niseme kweli, Sikio angewaambia wasikilize kucha za mpiga gitaa zikirefuka, nazo wangezisikia.

Lakini hakuwa tapeli, na hilo nataka lieleweke. Mwenyewe aliamini. Kitaji kikiwaka, vinyweleo vilimsimama.

Siku moja alikuja daktari wa meno, mteja mwenye uwezo wake na maneno mengi, akasikiliza Taji mpaka akalengwalengwa na machozi. Sikio alisimama nyuma yake, ameinamisha kichwa, moyo umemjaa. Daktari alipokwisha kuondoka na risiti yake, Sikio akaenda kuzima amplifaya, akakuta swichi iko upande wa spika za plastiki zilizowekwa pembeni, zile ambazo watu hununulia vyumba vya watoto. Kitaji kilikuwa kimewaka tu. Spika zake hazikutoa hata mlio. Alisimama pale na glovu zake nyeupe, masikio yanawaka moto. Kisha akairudisha swichi mahali pake, na hakumwambia mtu.

Aibu hiyo aliweza kuimeza. Hii ninayotaka kuisimulia ilimkwama kooni.

Sikio alikuwa na kaka yake, seremala, mwenye karakana nyuma ya nyumba waliyozaliwa. Kaka huyo alitengeneza vitanda, milango na madawati ya shule. Vitanda vilimlisha, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye spika. Tangu ujana alizing'oa kutoka redio zilizokufa, akaziundia makasha ya mbao, akazisikiliza huku amejipaka gundi mpaka viwikoni.

Na lile sikio maarufu lilitengenezwa humo humo karakanani. Sikio alipokuwa na miaka saba, kaka yake alimkalisha kwenye kigoda, akamfunga macho kwa kitambaa cha kichwa cha mama yao, akapiga muziki kwenye kasha moja, halafu jingine. "La kwanza au la pili?" Mtoto akijibu, kaka alitoboa tundu, au akaziba, au akapunguza ubao, kisha akauliza tena. Hakuwahi kubishana na jibu. "Mimi nina mikono tu," aliwaambia majirani. "Sikio analo mdogo wangu." Jina lilianzia hapo, ingawa dukani hakuna aliyelijua chimbuko lake.

Mama yao alipofariki, kaka alilivunja kabati lake la nguo, kabati la mbao ngumu alilokuja nalo alipoolewa, akaunda jozi moja ya makasha. Ubavuni mwa kasha moja aliliacha tundu la kufuli la kabati, akaliziba kwa kipande cha mti kwa ndani, kwa sababu hakuwa na moyo wa kulitupa. Kazi hiyo ilimchukua miezi minane. Jumapili baada ya Jumapili Sikio alikaa kwenye kigoda kile kile, sasa mtu mzima na ndevu zake, kitambaa usoni. Siku walipomaliza, walipiga wimbo mmoja. Mwimbaji alikuwa mle ndani pamoja nao, basi.

"Zitakaa kwangu," kaka alisema baadaye, "lakini ni zetu."

Mwaka uleule Sikio akaajiriwa dukani, na taratibu akaanza kuona haya kuzitaja. Spika zisizo na jina, zenye harufu ya kabati! Wenzake wangecheka mpaka wavunjike mbavu.

Aliyemwaga siri alikuwa dereva wa duka, aliyewahi kwenda karakanani kununua kitanda. Mwenye duka, mama mmoja mcheshi ambaye hakukosa la kusema, alikuwa anaandaa asubuhi ya kusikiliza kwa wateja wake wakubwa: jozi tatu nyuma ya pazia, Taji, na za kawaida, na za fundi wa mtaani. "Kumbe kaka yako anaunda spika, na umeninyamazia miaka yote hii," alimwambia Sikio. "Zilete. Watu wakisikia tofauti, wataelewa kwa nini tunauza Taji."

Hayo alimwambia Sikio. Ila kaka alipozileta siku ya Ijumaa, mama yule kwa uchangamfu wake alimwambia, "Fundi, zikiwapendeza watu, nitakupa rafu humu dukani." Aliyasema kama mtu anavyomwambia mgeni karibu tena. Kaka akayachukua mazimamazima. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na hajawahi kuiona kazi yake ikikaa kwenye rafu ya duka lolote. Jumamosi alifika saa moja kabla ya wote, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Sikio alimwona kupitia kioo, akajifanya anapanga vijitabu.

Saa nne asubuhi viti vilijaa, watu kumi na wawili, daktari wa meno akiwa mbele kabisa. Kaka, kwa kuwa ana nguvu na anaelewa nyaya, aliombwa akae nyuma ya pazia abadilishe spika.

"Sikio ataanza kutoa maoni," mwenye duka alitangaza. "Ninyi mtaandika baada yake. Jozi ipi ni bora, ipi ya mwisho."

Jozi ya kwanza ikapigwa. Sauti ilikuwa safi, angavu, kama sahani iliyotoka kuoshwa. Ikaja ya pili. Mwimbaji, mwanamke, alivuta pumzi kabla ya ubeti, akavuta tena, na katika pumzi ya tatu Sikio akajua. Alizijua mbao zile kama alivyokuwa akikijua kikohozi cha mama yake kupitia ukutani. Watu waliokuwa mbele yake walikuwa wamefumba macho, na daktari wa meno alikuwa anatikisa kichwa polepole kwa raha. Kisha ikapigwa jozi ya tatu, nayo haikuwa na la ajabu. Muziki ukanyamaza. Jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi: ya pili, tena bila mshindani.

Hapo macho yakafumbuliwa, na Sikio akaona kwamba hakuna anayelitazama pazia. Wote wanamtazama yeye. Akawaza: pazia likivutwa na mshindi akawa kabati la mama, miaka yangu tisa ya kunong'ona itaitwaje? Na huyu daktari niliyemliza kwa plastiki? Kinywa kikamtangulia.

"Hiyo ya pili," alisema, akiukunja ule uso wake unaojulikana, "imevimba tumboni. Mwimbaji kama amefungiwa ndani ya pipa. Hiyo ni kazi ya fundi vitanda."

Watu wakacheka. Kalamu zikaanza kutembea. Watu kumi na wawili, waliokuwa wamejilegeza kwa raha muda mfupi uliopita, wote waliandika jozi ya pili kuwa ya mwisho. Hawakuhitaji kitaji chenye taa. Jina la Sikio liliwatosha.

Pazia likavutwa. Kaka alikuwa amesimama kando ya makasha yake, kitambaa cha vumbi mkononi, na lile tabasamu alilokuwa ameliandaa halijamtoka lote usoni.

"Mtuwie radhi kwa pipa," alisema.

Wakacheka tena, wakamwona muungwana. Sikio alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini chini palikuwa na zulia tu.

Saa sita walipakia makasha kwenye pikapu ya jirani, nyuma ya duka, ndugu wawili peke yao. Kaka aliyafunika kwa blanketi, akakaza kamba, kisha akasimama ameegemea ubavu wa gari.

"Mdogo wangu."

"Naam, kaka."

"Ulisema zimevimba tumboni. Tumboni wapi? Chini, au katikati?"

Hapakuwa na daktari pale, wala kalamu. Palikuwa na pikapu, kamba, na mtu aliyemfundisha kusikia. Sikio angeweza kusema. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni mwana wa uongo wa kwanza.

"Katikati. Nadhani makasha ni mapana mno."

"Kwa kiasi gani?"

"Vidole vinne hivi."

Kaka aliinua blanketi, akaweka vidole vyake vinne juu ya ubao, akaviangalia. "Basi masikio yangu yamezeeka," alisema. "Mimi sikulisikia hilo. Asante, bwana. Mwingine angenionea haya akaninyamazia. Imeniuma, sikufichi, lakini umesema kweli."

Jumapili Sikio alijiambia ataenda kesho. Kesho ilipofika alijiambia Jumanne. Roho ilimsuta mpaka chakula kikamshinda. Mkewe alipomuuliza anaumwa nini, akasema jino. Dukani walimpongeza kwa jinsi alivyozijua spika kupitia pazia, na kila pongezi ilimwingia kama mwiba. Alipovaa glovu nyeupe aliona kama anaificha mikono isionekane. Jumatano mchana akaomba ruhusa, akaondoka na tai yake shingoni.

Alimkuta kaka karakanani, amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Umekuja wakati mzuri," kaka alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. "Nimekata moja tu. Jingine nimeliacha ili upime. Nilijua hutaniacha nibahatishe."

Juu ya meza yalikuwepo makasha mawili, moja pana na moja jembamba, gundi yake bado inang'aa kwenye maungio. Chini ya meza, kati ya maranda, kulikuwa na vipande vya mbao ngumu vyenye upana wa vidole vinne. Kimojawapo kilikuwa na tundu la kufuli.

Sikio alitaka kusema hapo hapo, ila kaka alikuwa amekwisha kukivuta kigoda na kukipangusa kwa kiganja. Akamkalisha. Akamfunga macho kwa kitambaa, fundo kisogoni kama zamani, akahakikisha halimbani. Akapiga wimbo. Kasha la kwanza likaimba, na mwanamke yule akawa mle ndani, pumzi zake zote, kifua chake chote. Likafuata la pili. Mwanamke alikonda. Alikuwa kama anaimba nyuma ya mlango uliofungwa.

"La kwanza au la pili?" kaka aliuliza.

Sikio alijua kwamba akisema la pili, msumeno utachukuliwa na lile jingine litakatwa leo leo.

"La kwanza," alisema.

Kaka aligonga ubavu wa kasha kwa kidole. "La kwanza ndilo ambalo sijaligusa."

"Najua."

"Na Jumamosi?"

"Nilijua, kaka. Kwenye pumzi ya tatu nilishajua. Zilikuwa nzuri kuliko zote. Nilisema vile kwa kuwa hazina jina, na watu walikuwa wananitazama. Nisamehe."

Muziki ukazimwa. Huko nje jirani alikuwa anagonga bati.

"Yale ya dukani ningekusamehe," kaka alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, bila hasira, na heri ingekuwa na hasira. "Mtu na kazi yake, mbele ya wateja wake. Ningeelewa. Lakini pale kwenye gari tulikuwa wawili tu. Nilikuuliza wapi, ukanionyesha pa kukata."

Sikio alisikia kaka akiinama, akiokota kitu kati ya maranda, akikipuliza vumbi na kukiweka mezani. Alisikia hatua zake zikienda upande wa pili wa karakana, kisha randa ikaanza kutembea juu ya ubao wa kitanda cha mtu.

"Kivue hicho kitambaa, urudi kazini," kaka alisema kutoka huko.

Hakukivua. Alijua akikivua itambidi amtazame. Alibaki kwenye kigoda na tai yake, mikono juu ya magoti kama alivyokuwa akikaa na miaka saba, anaisikiliza randa ikienda na kurudi.