Mwalimu Adventina na Neno Lisilobadili Nguo

Mwalimu Adventina alifundisha Kiingereza katika shule yetu ya msingi huku Pasiansi, nami nilifundisha hesabu chumba cha pili. Ukuta ulikuwa mwembamba, kwa hiyo masomo yake yote niliyasikia, nipende nisipende.

Siku ile alikuwa na neno "calm". Aliwaambia watoto kwamba Kiswahili kina adabu, hubadili nguo kufuata shughuli: kutuliza, utulivu, mtu mtulivu. Kiingereza ni kivivu. "Calm" ni hiyohiyo, iwe kitendo, iwe jina, iwe sifa. Huvaa kanzu moja shambani, kanisani na harusini. Watoto wakauliza, sasa mtu atajuaje ni ipi?

"Tazameni limekaa na nani," akasema. "Lenyewe halisemi. Linafanya kazi ya pale lilipowekwa."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya sukari. Nikawaza, mwanamke huyu anajisema mwenyewe wala hajui.

Maana ilikuwa miaka ya kujitegemea, na Mwalimu Mkuu wetu, Luhaga, alikuwa ameshagundua kwamba Adventina hakatai. Asubuhi mwalimu. Mchana msimamizi wa shamba la pamba la shule. Jioni kisomo cha watu wazima, na wakija wageni wa chama, mpishi ni yeye. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Adventina, Mhaya wa Kamachumu, alipewa jembe siku aliyoshuka melini. Sisi wengine tulijua kuumwa kiuno. Yeye alijua kusema, "Sawa, Mwalimu."

Ikaja simu ya maandishi kutoka kwao: mama mgonjwa sana, njoo. Meli ya Bukoba ilikuwa inaondoka jioni hiyohiyo. Alikwenda ofisini kuomba ruhusa, nami nikamfuata kwa sababu Luhaga namjua.

"Pole sana, Mwalimu," Luhaga akasema. "Lakini kesho wakaguzi wa kisomo wanakuja, na wanafunzi wale wamekuzoea wewe. Si utachukua meli ijayo?"

"Mwalimu Mkuu, mama yake anakufa," nikasema.

"Sawa, Mwalimu," akasema Adventina. Hakunijibu mimi, alimjibu yeye. Nilitamani kuwazaba vibao wote wawili.

Wakaguzi walikuja, wakala, wakasifu. Punda afe, mzigo ufike. Kabla ya meli ya pili ikaja simu nyingine, nayo ilikuwa fupi zaidi. Shule ikanichagua nimsindikize na kupeleka rambirambi. Melini hakulia. Alinishonea kifungo cha blauzi kilichokuwa kinaning'inia.

Tulikuta mama ameshazikwa kwenye migomba yake. Kule, kama kwetu Usukumani, mfiwa hashiki sufuria. Hukaa ndani, juu ya nyasi zilizotandazwa, majirani wakapika, na kila aingiaye hupiga magoti mbele yake akalia naye. Adventina alikuwa mtoto wa pekee. Walimwonyesha mahali pake, karibu na ukuta, akakaa kidogo. Kisha akamwona mama mmoja anahangaika na ndoo, akainuka kumtua. Hakurudi tena.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, kanga kaifunga kiunoni. Wanawake wa jirani mwanzoni walimkataza. Baadaye wakazoea, na nilipofika walikuwa wameshaanza kumtuma kuni.

Nikamshika mkono. "Adventina, nenda kakae. Umefiwa wewe."

"Nakuja," akasema. "Acha nimalizie hizi."

Alasiri akafika bibi mmoja, rafiki wa marehemu tangu usichana, aliyeolewa mbali. Alikuwa ametembea, miguu imejaa vumbi. Aliingia, akatazama pale ukutani, hakuona mtu. Adventina akampokea mzigo, akamketisha, akamletea maji ya kunawa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu, asante. Mtoto wa marehemu yuko wapi, nikamlilie?"

Adventina alisimama na jagi mkononi. Nilingoja aseme. Nilimwomba Mungu aseme.

"Hajafika, bibi," akasema. "Kinga mikono, unawe."